Kalenga: Nani Huwahesabu Wanyama?

Kutoka Iringa mjini hadi Kalenga ni kilomita 15 hivi. Barabara ni ile ya Msembe, iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na kwa sababu hiyo wengi hupita Kalenga bila kushuka. Mtalii ana haraka ya kumwona simba, na mchuuzi anawahi mpunga wa Idodi. Sisi akina mama wa kikundi cha kanisa tulishuka. Tulikuwa 19, pamoja na watoto wawili wa mgongoni na sufuria moja kubwa ya wali iliyofungwa kwa khanga.

Kalenga ni kijiji kinachokua. Nyumba za bati zimeongezeka, maduka yako kando ya barabara, na vijana wa bodaboda wanangoja abiria chini ya miti. Bonde la Ruaha Ndogo limejaa bustani za nyanya na vitunguu, kijani kibichi hata wakati milima imekauka. Ukimwamkia mama aliyeinama shambani kwa "Kamwene", atanyoosha mgongo, akuitikie "Kamwene", kisha akuulize watoto wako hawajambo. Jina la Iringa lenyewe limetokana na hapa. Kwa Kihehe lilinga ni ngome, na ngome iliyokusudiwa ni hii ya Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa, ambayo Wajerumani waliivunja kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894.

Tulikwenda makumbusho, kama ilivyo desturi. Fuvu la Mkwawa limehifadhiwa ndani ya sanduku la kioo, na akina mama waliokuwa wakipiga soga mlangoni walinyamaza wote walipolifikia. Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa chake kilikatwa na fuvu likachukuliwa Ujerumani. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, katika ibara ya 246, uliamuru lirudishwe, lakini miaka ikapita. Hatimaye Gavana Edward Twining alilifuata Bremen, katika makumbusho yenye shehena ya mafuvu yaliyokusanywa kutoka nchi mbalimbali, yakapimwa na kuwekwa rafuni. Lililorudishwa Kalenga mwaka 1954 lilichaguliwa kwa vipimo. Tangu kuondoka hadi kurudi ilipita miaka 56.

Nimefanya kazi ya uuguzi zaidi ya miaka 20, na kupima ni sehemu ya kila siku yangu. Napima uzito, napima joto, naandika. Kwa hiyo mbele ya kioo kile nilijiuliza swali la kikazi: hao waliopima mafuvu yale walimwandikia nani? Sisi tukimpima mtoto kliniki tunaandika kwenye kadi, na kadi anaondoka nayo mama. Anaiweka kabatini pamoja na cheti cha ubatizo. Mstari ukishuka anauona mwenyewe, haendi kuulizia Bremen.

Nasema haya kwa sababu ya mazungumzo tuliyoyakuta nje. Tulipokuwa tukila, bibi mmoja jirani alikuja kuketi nasi, na mmoja wetu akamwuliza kuhusu magari yapitayo na watu wenye darubini na kamera. Bibi alijibu kwamba watu wa utafiti amewaona tangu ujana wake. Wanakuja, wanauliza, wanaandika, wanaondoka. "Sasa hata majibu hatuyadai," alisema. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayetaja mvua iliyochelewa.

Basi tukamwuliza yeye juu ya wanyama, na hapo mama mwenzangu ungependa kuwapo. Alianza na tumbili, ambao wanajua siku ya soko kuliko watoto wa shule, kwa maana siku hiyo mama hayupo shambani. Akafuata nungunungu na viazi. Akaja kwa kicheche na vifaranga, nguchiro na mayai, pimbi wa kwenye majabali, komba aliaye usiku kama mtoto mchanga, na fisi ambaye siku hizi husikika zaidi upande ambako taka zimeanza kutupwa. Akina mama wa mjini nao wakachangia. Mmoja ana popo darini. Mwingine, anayekaa karibu na mawe makubwa ya upande wa Gangilonga, ana pimbi wanaoota jua kwenye ukuta wake. Kwa nusu saa bila kalamu wala mshahara walitaja mnyama, mahali, saa, na anachokula. Nilikuwa nimeketi katikati ya watafiti 20.

Hebu tuifuate barabara hii mbele kidogo, maana jambo lililonifanya niandike liko huko. Ukipita Kalenga ukaendelea kushuka kuelekea Idodi na Tungamalenga, unaingia katika vijiji vinavyopakana na hifadhi. Humo wanaishi Wahehe, Wabena, Wagogo, Wasukuma, Wamasai na Wabarabaig, wengine wakulima na wengine wafugaji. Vijiji 21 vya Idodi na Pawaga viliungana katika jumuiya ya uhifadhi iitwayo MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Na wanyama wa huko hawana mchezo. Eneo la Ruaha hutajwa kuwa na takriban moja ya kumi ya simba wote waliobaki Afrika, na wapo chui, fisi na mbwa mwitu. Simba hajui mpaka wa hifadhi. Akivunja zizi usiku, asubuhi mama anakosa maziwa na ada ya shule inakuwa imeliwa. Vijana nao huchukua mikuki.

Mwaka 2009 mtafiti Mwingereza, Amy Dickman, alianzisha huko mradi uliojulikana kama Ruaha Carnivore Project, ambao leo uko ndani ya shirika la Lion Landscapes. Nilichopenda katika kazi yao ni jambo moja hasa, la kamera. Ni kamera ndogo ya kufunga kwenye mti. Mnyama akipita mbele yake inajipiga yenyewe, usiku na mchana. Wanaiita kamera ya mtego ingawa haimkamati mtu. Kwa kawaida mtafiti huifunga mwenyewe, akachukua picha, akaenda zake. Hawa waliwakabidhi wanakijiji. Kijiji huchagua watu wake, wanafundishwa, wanazifunga kamera katika ardhi ya kijiji chao wenyewe mahali wanapojua wanyama wanapita. Kila mnyama wa porini akipigwa picha, kijiji kinapata pointi. Mnyama mdogo asiye na madhara ana pointi chache. Simba au mbwa mwitu, yule anayechukiwa zaidi, ana pointi nyingi.

Vijiji hushindanishwa vinne vinne, na kila baada ya miezi mitatu pointi hujumlishwa. Kijiji cha kwanza hupata fungu kubwa, na hata cha mwisho hakirudi mikono mitupu. Fungu hilo huelekezwa kwenye mambo ambayo wanakijiji wenyewe walisema ni ya lazima: matibabu, shule, na dawa za mifugo. Picha zenyewe huonyeshwa kijijini, kwa hiyo mama anamwona chui aliyepita nyuma ya shamba lake, na watoto wanapiga kelele.

Fikiri maana yake, mama mwenzangu. Simba yuleyule ambaye jana alikuwa hasara tupu, leo akipita tu bila kuua ng'ombe analeta vifaa katika zahanati. Na mtafiti naye anapata hesabu ambayo peke yake asingeipata, kwa sababu mchungaji wa mifugo anajua njia ya fisi kuliko ramani yoyote. Kazi yao ilionyesha tena jambo ambalo wafugaji hawakulipenda kulisikia mara ya kwanza: magonjwa huua mifugo mingi kuliko wanyama wakali. Ndiyo sababu dawa za mifugo ziko katika zile zawadi. Pia walisaidia kuimarisha mazizi kwa waya wa kusuka badala ya miiba mitupu, na wakawashirikisha vijana wa Kibarabaig, waliokuwa wakisifiwa kwa kuua simba, wawe walinzi wa kufuata nyayo na kuonya wenye mifugo.

Sisemi kila kitu ni asali. Kushindanisha vijiji kuna hatari zake. Kijiji kilicho mbali na hifadhi kina wanyama wachache hata watu wake wakiwa waangalifu namna gani, na mtu ambaye tembo wamekula shamba lake lote hatafarijika kwa sababu shule imepata madawati. Hata hivyo kati ya mtafiti anayeondoka na daftari lake na huyu anayekuja kijijini kuonyesha picha, mimi najua nitamkaribisha yupi chai.

Kazi nyingine ya eneo hilohilo inatuhusu sisi wauguzi na akina mama moja kwa moja. Mwaka 2006 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, Marekani, walianza mradi walioupa jina la HALI. Jina limetungwa kwa herufi za Kiingereza, lakini kwa Kiswahili limekaa mahali pake, maana walichotafuta ni hali: ya watu, ya mifugo, ya wanyamapori na ya maji wanayoyanywa pamoja. Walipima ng'ombe na nyati, wakapima maji, wakakaa na familia za wafugaji za Idodi na Pawaga. Walikuta vidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela, kwa mifugo na kwa wanyamapori pia. Na walikuta familia nyingi ambazo hazikuamini kwamba ugonjwa wa ng'ombe unaweza kumpata mtoto.

Hilo halikunishangaza. Ni mara ngapi tunapokea mgonjwa mwenye homa inayokuja na kuondoka, viungo vinauma, malaria haionekani, na hakuna anayemwuliza kuhusu maziwa? Anayechemsha maziwa nyumbani ni mama. Anayekamua katika jamii nyingi za wafugaji ni mama. Anayemzalisha mbuzi usiku kwa mikono mitupu mara nyingi ni mama na binti yake. Mtafiti akimhoji baba peke yake kwa sababu ndiye mwenye ng'ombe, atapata idadi ya ng'ombe, lakini ugonjwa hataupata.

Hapa niseme ukweli kuhusu mikutano yetu. Mnaitwa chini ya mti. Wanaume wanakaa kwenye viti, akina mama tunakaa chini nyuma, na mtoto ananyonya. Mgeni anauliza, "Je, mnawaona wanyama gani?" Anajibu mzee mmoja, kisha mwingine, kisha mkutano unafungwa kwa soda. Wakati huohuo anayekwenda mtoni alfajiri amekaa kimya, na anayekata kuni msituni amekaa kimya, na yule anayelala shambani kulinda mahindi ameachwa huko huko shambani. Utafiti unaotaka kuwashirikisha wananchi ungeanza kwa kuwafuata kisimani na kliniki siku ya kupima watoto. Tupo pale, tena tunangoja saa nzima.

Nyanda zetu za Juu Kusini zina ushahidi wa kile kinachotokea mtu akiwasikiliza wenyeji. Upande wa Mbeya, kwenye misitu ya Mlima Rungwe, watafiti wa shirika la WCS wakiongozwa na Tim Davenport waliambiwa na wawindaji wa Kinyakyusa kuhusu nyani mmoja mwenye aibu anayeitwa kipunji. Mwanzoni haikuwa wazi kama ni mnyama wa kweli au wa hadithi, maana Wanyakyusa wana simulizi nyingi na si kila mnyama wa simulizi ana miguu. Hawakudharau. Walitafuta, na mwaka 2003 wakamwona. Mwaka 2004 watafiti wengine, bila kujua habari za Rungwe, wakamkuta wa aina hiyohiyo katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, ambayo sehemu yake ni Iringa hii yetu. Habari ilitangazwa duniani mwaka 2005. Mwaka uliofuata vipimo vilionyesha kwamba si aina mpya tu, bali ni jenasi nzima mpya, jambo ambalo kwa nyani wa Afrika lilikuwa halijatokea kwa miaka 83. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilikuta kipunji 1,117 tu. Katika orodha za wataalamu anaitwa Rungwecebus kipunji, na mimi nafurahi kwamba jina alilopewa na wawindaji halikutupwa, lilibaki mwishoni kama jina la ukoo.

Lakini Rungwe na Ruaha ni porini, utasema, nami nakaa mjini, nina jiko la gesi na majirani pande zote. Ndiyo maana nikawataja wale tumbili, pimbi na popo wa akina mama. Miji yetu inapanuka kuelekea kwa wanyama na wanyama wengine wanahamia mjini kwa hiari, kwa sababu mjini kuna taka, kuna paa, kuna maembe, na hakuna chui. Tazama pwani. Kunguru wa kutoka India aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kula taka. Alikula taka, kisha akala vifaranga, mayai na makinda ya ndege wetu, akavuka bahari, akaenea Dar es Salaam na kuingia bara. Kampeni za kumpunguza zimefanyika zaidi ya mara moja. Kiota chake kiko kwenye mwembe wa uani kwa mtu. Mtaalamu hana ruhusa ya kupanda kila mwembe, wala hana macho ya kutosha. Mwenye uani anaona ndege ameanza kujenga lini na makinda wangapi wameruka. Mnyama wa mjini hawezi kuchunguzwa bila wenye nyumba, kwa sababu nyumba ndiyo pori lake.

Na kuna hasara tunayoifanya kwa kutojua. Bundi akitua juu ya paa, wengine hukimbilia mawe kwa kuogopa kifo ndani ya nyumba. Kumbe bundi kazi yake ni panya, na nyumba yenye panya wengi ndiyo ya kuogopa. Nimeona waumini wazuri kabisa wakimkemea ndege huyu kwa sauti ambayo ingetosha kufukuza hata jirani.

Sasa niliweke wazi lile la kikazi, kwa kuwa wako akina mama watakaosoma ukurasa huu tu. Mtoto akiumwa na mbwa, paka, nguchiro, tumbili au mnyama mwingine yeyote, au akikwaruzwa na popo, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake mafuta ya taa wala tope wala dawa ya kufungia damu. Kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo na mnyama ni wa jirani mnayemheshimu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, lakini chanjo ikianza mapema inaokoa. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, asikimbie, sehemu iliyoumwa isichanjwe wala kufungwa kamba ya kubana, na awahishwe hospitali. Msipoteze muda kumfukuza nyoka, lakini rangi yake na mahali alipokuwa mvikumbuke.

Na ukifika hapo, hakikisha imeandikwa. Sisi tuna madaftari ya MTUHA, na kila aliyeumwa na mnyama ana mstari wake. Mstari mmoja ni habari ya familia moja. Mistari saba kutoka mtaa mmoja ni onyo kwa afisa mifugo kwamba mbwa wa mtaa huo wanahitaji chanjo wiki hii. Serengeti na kisiwani Pemba watafiti wa kichaa cha mbwa walianzia palepale, kwenye kumbukumbu za walioumwa, kisha wakafuatilia nyumba kwa nyumba. Yule mama aliyeona aibu kusema mwanawe aliumwa na mbwa wa shemeji ameufuta mstari mmoja.

Kuandika kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Serikali ina kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao au kuuliwa mifugo na wanyama wakali waliotajwa humo, kama tembo na simba, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Si fidia kamili, na malipo huchelewa, watu wa Idodi watakueleza vizuri kuliko mimi. Lakini asiyetoa taarifa mapema kwa ofisi ya kijiji ili afisa wanyamapori aje kukagua, huyo hana hata foleni ya kungojea.

Akija mtafiti mtaani kwako, mpokee, na mwulize. Mwulize kibali chake, maana utafiti wa wanyamapori una utaratibu wake kupitia TAWIRI na COSTECH, na uongozi wa mtaa au kijiji unapaswa kujua yupo. Mwulize majibu yatarudi lini na kwa lugha gani. Mwulize pia kuhusu kamera. Kamera ya mtini haichagui, itampiga fisi na itampiga mama aliyekwenda kuchimba dawa, kama tusemavyo safarini. Mimi siwezi kuonyesha faili la mgonjwa kwa jirani yake, na sioni kwa nini picha ya mwanamke aliyejisitiri porini ilindwe kwa uzito mdogo kuliko faili. Kila mtu ajulishwe kamera ziko wapi, na picha za watu zifutwe. Mtafiti mwema hatakasirika kwa maswali hayo.

Wiki mbili baada ya safari ile, kikundi chetu kilinunua daftari la kurasa 200. Hatukuwa na mradi wala mfadhili. Katibu alichora mistari ya kutenga tarehe, mahali, mnyama, idadi, alichokuwa akifanya, na jina la aliyeona. Kulikuwa na ubishi. Wengine walisema ni mchezo wa watoto, mmoja akataka tuandike na vitumbua vilivyoibwa na tumbili sokoni, na ikakubalika, kwa sababu tumbili anayeiba vitumbua ni tumbili aliyezoea watu, na siku moja atamng'ata mtu. Watoto wa shule ya Jumapili waliomba kuhusika. Wakapewa ndege, kwa sharti la kutobeba manati.

Ukurasa wa kwanza umejaa tayari. Kuna pimbi sita ukutani saa moja asubuhi. Kuna kicheche mmoja bandani, vifaranga wanne hawapo. Kuna mbwa asiye na mwenyewe, anatokwa mate, ameonekana karibu na kisima, na pembeni kwa wino mwekundu: afisa mifugo ameambiwa, alikuja kesho yake. Kuna bundi juu ya nyumba ya mama mmoja ambaye aliandika kwa herufi kubwa kwamba HAKUPIGWA. Mstari wa mwisho ni wa popo walio chini ya paa la kanisa, ambao idadi yao imewekewa alama ya kuuliza. Tumeamua wahesabiwe kwa nje wanapotoka jioni, bila mtu kuwagusa, na wazee wa kanisa bado wanabishana kama mkutano wa maombi wa Alhamisi usogezwe mbele nusu saa.